Mizunguko 25 ya Adabu
Katika fainali ya mita 10,000 ya vyuo vikuu vya Marekani, yaani mizunguko 25 ya uwanja, vijana waliojifua mwaka mzima aghalabu huanza kwa mwendo wa kumsindikiza bibi harusi, kila mmoja akimwachia mwenzake heshima ya kutangulia kukata upepo, hata wa mbele akageuza shingo na kuhamia njia ya pili ili apitwe, naye wa nyuma akamfuata huko huko. Wataalamu huuita ukarimu huu mbinu. Henry Rono, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington State, pengine alikikosa kipindi cha somo hilo la adabu, kwani mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81, akianza na ya mita 5,000 mjini Berkeley, bila kumngoja mtu.