Waraka kwa Mheshimiwa Amidi wa Uhandisi

Mheshimiwa Amidi,

Pokea pongezi zangu kwa maabara mpya. Vijana unaotuletea kazini wanapiga hesabu barabara, nasi tunajivunia. Taabu ni kwamba ripoti zao hazisomeki, na hesabu zile nzuri hazimfikii anayepaswa kuamua.

Bila shaka unaikumbuka ahadi uliyotupa waajiri ulipotuita kujadili mtaala: uandishi wa kitaalamu utafundishwa kila mwaka, mhandisi na mwalimu wa lugha wakishirikiana. Tulikupigia makofi. Hadi leo somo ni lile moja la mwaka wa kwanza, katika ukumbi uliofurika, na mtihani wake ni wa kuchagua jibu. Nakubali, unasahihishwa upesi. Lakini mwanafunzi anafaulu uandishi bila kuandika aya hata moja.

Majuzi nilisoma ripoti ya kijana wako aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Imejalidiwa vizuri, na muundo mliompa ameufuata kwa utiifu: shukrani, historia ya kampuni, nadharia ya pampu. Kwamba waya wa mota umechubuka na maji yanaufikia, amelisema karibu na mwisho, ndani ya mabano. Aliliona kabla ya fundi yeyote! Jicho mlimpa; mahali pa kuliweka jambo zito hakufundishwa.

Habari ya chombo cha anga cha Columbia unaijua kuliko mimi. Januari 2003 wahandisi waliandaa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa la chombo hicho. Kichwa chake kilituliza mioyo. Mstari wa chini kabisa ndio ulioonyesha kwamba kipande kile kilizidi vya majaribio kwa ukubwa zaidi ya mara 600. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika, wakafa watu 7. Tume ya uchunguzi iliijadili slaidi ile katika ripoti yake.

Uliahidi pia kwamba rasimu za mradi wa mwaka wa mwisho zitarudishwa na maoni. Zinarudi na alama na saini. Wahadhiri wako wamelemewa, nalijua hilo, na ndiyo sababu ulisema utaajiri wasaidizi.

Maelekezo ya mitambo kwa Kiswahili, ambayo mafundi wetu huyasoma, hukuyaahidi. Hayo siyadai, nayaomba.

Mheshimiwa, nipe chumba na rasimu za wanafunzi. Nitakuja kuzisahihisha pamoja nao kila Jumamosi, bila malipo, hadi wasaidizi wale wafike.

Wako mtiifu,
Mhandisi, mwanafunzi wako wa zamani