Mlango una namba, bei haina ukurasa

Dubai haina mzaha na ramani. Milango ya majengo yake ina namba za Makani, tarakimu 10 kila mmoja. Ukiiandika kwenye simu unafikishwa mlangoni hasa, si uchochoro wa nyuma. Hata Dragon Mart, jumba la bidhaa za China lenye urefu wa kilomita 1.2, limegawanywa katika kanda ili mnunuzi wa Kariakoo anayetafuta taa asipotelee kwenye vigae.

Sasa fungua tovuti ya wakala wa mizigo wa Deira, hukohuko Dubai. (Simtaji, wamo wengi, na wanajijua.) Mbele kuna Burj Khalifa, meli, ndege na bendera ya Tanzania inayopepea. Bei ya kilo hadi Dar? Bonyeza "Huduma": meli. Bonyeza "Bei": Burj Khalifa tena. Ramani ya tovuti, ile orodha ya kurasa na njia zake inayochorwa kabla fundi hajagusa kitu, haikuchorwa. Google, waliotoa mfumo wa ramani hizo kwa mashine mwaka 2005, nao wangeuliza njia.

Kisichojificha ni kitufe cha WhatsApp tu. Basi bosi, futa vyote, ubaki na hicho.