Hongo ya Usiku

Nyumba yetu ya Isevya, hapa Tabora, iligawanyika pande mbili kwa sababu ya mwanga mwekundu chini ya kipanya cha kompyuta. Bibi aliuona usiku alipoamka kwenda msalani, akarudi kitandani na hukumu yake: hiki ndicho kinachotumalizia umeme. Kulipopambazuka alitoa mwangaluka moja kavu, salamu yetu ya asubuhi, kisha akaanza kuchomoa.

Hasira yake ilikuwa na msingi. Uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zilizokuwa zikitufikisha mwisho wa mwezi sasa zilikatika katikati, na kila aliyenunua tokeni alikuwa na mtu wa kumshtaki. Mama alimshtaki baba mdogo, aliyehamishia kwetu vifaa vya steshenari yake. Baba mdogo aliishtaki friji. Wote wawili wakamgeukia mdogo wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha sita, kwa kuwa ndiye aliyekesha pale mezani.

Mdogo wangu alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo. Jioni moja, amefika ukurasa wa mwisho, Bibi akaing'oa ekstensheni nzima ukutani. Ruta ikazima, fomu ikaganda. UPS, ile betri ya kulinda kompyuta, ikaanza kupiga kelele na isinyamaze. Bibi akaruka nyuma, binti akalia, Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, na maneno yaliyosemwa sebuleni usiku ule siyaandiki hapa.

Babu, mstaafu wa reli, aliwaacha wachoke. Kisha akasema, “Mita ipo. Iulizeni.”

Mita za LUKU zina kitaa kidogo kinachopepesa kadiri umeme unavyopita. Kwenye yetu imeandikwa kwamba kikipepesa mara 1,000 ni uniti moja. Tukachomoa friji, tukazima taa zote, tukaacha ekstensheni ya mezani peke yake, kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa. Tukakaa gizani mbele ya mita, Babu na saa yake, Bibi na kanga yake mabegani. Kitaa kikapepesa. Zikapita dakika mbili, kikapepesa tena. Hesabu yake ni wati 30, na hakuna aliyekuwa anatumia chochote!

Tukaendelea kimoja kimoja. UPS ilikula wati 11 kwa kujichaji tu. Ruta 8. Sabufa ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo, kimya kabisa, 7. Printa ilitukalisha robo saa nzima kabla kitaa hakijapepesa mara moja: wati 4. Kipanya tulichochomeka kwenye chaja ya simu hakikutupa la maana, na ni haki yake, maana kipanya cha waya hakifiki hata nusu wati. Kikiwaka mwezi mzima, usiku na mchana, hakimalizi nusu ya uniti moja. Bibi alilipokea hilo kwa kimya kirefu, kisha akauliza mbona basi sabufa haina hata taa.

Hapo Babu akamjibu kwa kisa cha Uha, nchi ya Waha. Mwaka 1871 msafiri Stanley alipotoka Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, njia ya kawaida ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, akazunguka kusini. Alipoingia Uha, kila mtawala alidai hongo ya kupita: vitambaa hapa, vitambaa pale, hata akaona mali itamwishia kabla hajafika Ujiji. Mwishowe akatoroka na msafara wake usiku. Babu alisema vifaa vile vinatutoza hongo namna hiyo, na anayetoza kidogo kila siku hashtukiwi.

Mimi naongeza jambo ambalo Babu hakulisema. Wati 30 zikikaa mwezi mzima ni uniti 21 na ushee. Kwa familia iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Ya 76 inaruka hadi 350. Sisi tulikuwa tunaishi chini kidogo ya mstari huo. Friji na pasi zilikuwepo tangu zamani, lakini meza ile ndiyo iliyotuvusha. Uniti 21 zilezile zinazogharimu shilingi 2,100 upande mmoja wa mstari, zinakuwa 7,350 upande wa pili. Kwa nyumba inayohesabu mboga, hiyo si tofauti ndogo, na naumia kuona watoto wakigombezwa kwa kusoma usiku huku sabufa iliyonyamaza ikiachwa na heshima yake.

Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kifaa kinachosubiri kisizidi wati moja. Vifaa vingi vipya vimekaribia huko. Vya zamani vinavyotufikia kwa bei nafuu, la.

Sasa ekstensheni ya mezani ina swichi, na Bibi ndiye anayeizima saa nne usiku, baada ya kuuliza mara mbili kama kuna fomu. Sabufa huchomekwa siku za sherehe. Ruta ilihamishiwa soketi yake, iwake hadi majibu ya mkopo yatoke. UPS bado ni kesi: baba mdogo anasema umeme ukikatika ghafla kompyuta itakufa, Mama anataka aitoe au awe anachangia tokeni, na Babu ameahirisha shauri hadi Ijumaa.