Bado Haijaisha

Wakati wa Krismasi, Nshomile wetu, yaani msomi wa ukoo, alishuka Muleba kutoka Dar na spika kubwa na Simfoni ya Tano ya Beethoven. Akatuketisha uani na kutangaza sheria: kipande kina sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu hakuna makofi wala kukohoa. Hata shangazi aliyekuwa akimenya ndizi aliombwa asitishe kisu.

Sehemu ya kwanza ilipokata, shangazi akapiga vigelegele. Nshomile akafumba macho kwa aibu.

Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akijisifu kwamba watu walipiga makofi muziki ukiwa bado katikati. Tena mahali hapo alipatega makusudi, akijua patawapagawisha. Kwa hiyo shangazi yuko na Mozart. Nshomile yuko na nani, sijui.

Likafuata somo la umbo la sonata: sauti kuu hutangulia, huchanguliwa, hupotezwa, kisha hurudishwa nyumbani. Babu akauliza kama hiyo si kazi ya mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi, anayefanya yote hayo peke yake huku akisimulia vita vya shujaa. Nshomile akajibu kuwa enanga ni "utamaduni". Kumbe Profesa Mulokozi, mwana wa huku huku, ameiandikia kitabu kizima.

Tukafika sehemu ya nne. Okestra ikagonga kwa kishindo, Nshomile akasimama kupiga makofi, "Bravo!" Beethoven akagonga tena. Na tena.

"Keti, baba," shangazi akamwambia, "bado haijaisha."