Tai Iliyozamisha Jua

Wahenga walituambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni wazi hawakuwahi kupanda meli ya anasa. Wangepanda, wangetuachia na ya pili: maji ukitaka kuyavuka kwa raha, huna budi kuyavalia koti jeusi, shati jeupe lenye vifungo visivyofungika, na kipepeo cha hariri kooni.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikitafuta pa kutolea shukrani zangu kwa kanuni ya mavazi ya jioni kwenye meli hizo. Binti yangu Zuhura, muuguzi huko Uingereza, alitulipia mimi na mama yake safari ya siku 14 kutoka Southampton hadi kaskazini kabisa ya Norwe, kwa kutimiza miaka 40 ya ndoa. Tikiti zilikuja na kijitabu. Kurasa mbili zilieleza usalama wa abiria baharini, nne zikaeleza nguo. Nikajua tumepata watu wanaofahamu hatari halisi iko wapi.

Kanuni yenyewe si ndefu. Mchana vaa utakavyo. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, kaptula, kandambili na fulana ziondoke machoni pa watu. Na kwenye jioni tatu za shangwe kuu, mwanamume avae tuksedo, au suti nyeusi na tai, au vazi la taifa lake. (Hilo la mwisho tulifunge fundo, tutalirudia.) Asiyetaka hatoswi baharini. Anaruhusiwa kupanda sitaha ya juu akale bafe na wakosaji wenzake.

Sasa niitaje fadhila kuu ya kanuni hii, ambayo sijaona mtu akiipa haki yake. Kanuni hii huleta jioni.

Msomaji asicheke. Sisi Waswahili saa zetu tumezifunga kwenye jua. Saa kumi na mbili jioni jua linaaga, mwadhini anasafisha koo, kuku wanaingia bandani, na mwaka mzima mambo hayapishani ila kwa nusu saa hivi. Lakini Nordkapp, rasi iliyo kaskazini sana ya Norwe, tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai jua halizami hata kidogo. Linashuka mpaka karibu liguse maji, linayatazama, linaghairi, linapanda tena. Magharibi haiji. Masheikh wamelijadili sana: wapo wanaosema ufuate saa za mji wa karibu ambako usiku na mchana hutengana, wapo wanaosema ufuate Makka. Wanafalaki nao watakueleza habari za dunia iliyoinama digrii 23 na nusu. Wote hao wangejipunguzia kazi kama wangeiuliza meli yetu. Kwetu sisi jioni ililetwa na tai.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, jua bado kali, watu wamejinyosha kwenye viti virefu, matumbo nje, kama samaki waliotandazwa wakauke. Mara lifti ikafunguka, akatoka mzee mmoja na tuksedo yake. Papo hapo ikawa jioni. Mabega yakasitiriwa. Sauti zikashuka. Jamaa aliyekuwa akicheka kwa mdomo akaanza kuchekea puani. Ukumbini jua lilikuwa likitupiga machoni tangu supu hadi kahawa, bwana mmoja akala samaki wake mkono umemkinga paji la uso kama nahodha anayetafuta nchi kavu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kulitaja. Tumesimuliwa jinsi jua lilivyosimamishwa kwa dua ya Yusha bin Nun. Yeye alikuwa na utume. Sisi tulilizamisha kwa utepe wa hariri usiofika upana wa vidole vinne.

Na faida za elimu hii hazijaanza kuhesabiwa. Ikiwa kufunga tai huleta usiku, basi kuifungua ndiko huleta asubuhi. Umeme ukikatika Mombasa saa mbili usiku, kama ulivyozoea, hatuna haja ya kupiga simu isiyopokelewa. Mji mzima tufungue tai kwa pamoja. Kinachotukwamisha ni kwamba hakuna aliyeivaa, kwa sababu ya joto.

Fadhila nyingine nazipitia mbio. Kanuni hii hufunza subira, kwani kukifunga kile kipepeo kwa mkono kulinichukua dakika 40 na maneno ambayo mama Zuhura alisema hakujua kuwa nayajua. Huzuia ulafi, maana ukishajibana kiuno hakuna nafasi ya sahani ya pili. Na hufaa sana kwa kuzama. Titanic ilipokuwa ikienda chini mwaka 1912, tajiri Benjamin Guggenheim na mtumishi wake walibadili nguo wakavaa za jioni, wakangoja kifo kiungwana. Miaka miwili baadaye mataifa yalikaa London yakaandika mkataba wa usalama wa maisha baharini, yakadai mashua za kutosha na mitambo ya simu za upepo, lakini juu ya tai hayakuandika neno. Pengo hilo makampuni yameliziba yenyewe.

Asili ya vazi hili nayo ni ya kuheshimiwa. Mwaka 1865 Mwana wa Malkia wa Uingereza, aliyekuja kuwa Edward wa Saba, alichoshwa na makoti yenye mikia. Akawaagiza mafundi wake, Henry Poole wa mtaa wa Savile Row, wamshonee koti fupi la kulia chakula shambani, mbali na macho ya watu. Maana yake ni kwamba lile koti lilikuwa nguo ya kupumzikia. Bwana yule alitaka kustarehe, na starehe yake ndiyo iliyonibana mimi kwapani zaidi ya miaka 150 baadaye. Ule mkanda mpana wa hariri wa kiunoni Waingereza waliuchukua India, pamoja na jina lake la Kiajemi, kamarband. Mimi nilipouona nilimwita mama Zuhura aje atazame. Kibwebwe! Matajiri wa dunia nzima wanajifunga kibwebwe kama mabibi wa ngoma, halafu wanakaa chini wasicheze.

Tuksedo yangu binti aliipata kwenye duka la mitumba huko huko Uingereza. Lingechelewa kidogo, koti lile lingejileta lenyewe soko la Kongowea. Jioni ya kwanza ya shangwe nikalivaa, nikasimama karibu na mlango wa ukumbi nikimngojea mke wangu. Bibi mmoja mwenye lulu shingoni akanigusa kiwiko kwa upole mkubwa, akaniomba maji yasiyo na barafu.

Nikamletea.

Sijui kwa nini nilimletea. Labda miaka 31 ya ukarani bandarini Kilindini inamzoesha mtu kutii. Kabla sijapumua, bwana mwingine akauliza mkate uko wapi, na wa tatu akanionyesha kwa kidole meza ya kupanguswa. Nikajitazama kwenye kioo. Koti jeusi, shati jeupe, kipepeo, na uso wa kutoka upande wetu wa dunia. Wahudumu walivaa vile vile. Tofauti ilikuwa moja, tai zao zilinyooka. Kijana mmoja wao akanijia polepole.

"Shikamoo mzee. Wa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kuze, Mji wa Kale."

"Mimi wa Likoni. Hebu nikusaidie hiyo tai. Sisi tunapewa za klipu, mzee. Hizi za kufunga ni za wageni, wana wakati."

Jioni ya pili nikafungua lile fundo la vazi la taifa. Nikavaa kanzu yangu ya Idi, joho, na kofia ya vito aliyoishona marehemu dada yangu kwa miezi minne. Msimamizi wa ukumbi akainama. Tukaondolewa kwenye meza yetu ya karibu na mlango wa jikoni, tukapelekwa dirishani. Maji yaliletwa kabla sijaomba. Na nani akaja kutuamkia? Bibi wa lulu. Akataka kujua kama natoka katika ufalme wa Omani. Nikamjibu kwa ukweli kwamba babu yangu alitoka Sur kwa jahazi, akaja Mombasa na shehena ya papa mkavu. Alisikia Omani tu. Jioni yote akaniita Mtukufu, na hakunitambua kabisa kuwa ndimi niliyemletea maji.

Jioni ya tatu nilipanda sitaha ya juu, nikala bafe.

Hapa sifa zinanikwama kooni. Maana meli hizi mimi nazijua kwa upande wa pili. Zikitia nanga Kilindini nilizipokea na daftari langu, nikawaona abiria wakishuka. Wanaume vifua wazi. Wanawake na nguo za kuogelea na kitambaa kiunoni. Wakaingia Mji wa Kale hivyo hivyo, wakapita mbele ya Msikiti wa Mandhry, uliokuwapo tangu 1570, wakati watu wanatoka kuswali adhuhuri, wakasimama wakapiga picha. Lamu na Zanzibar zimebandikwa mabango ya kuwaomba wageni wajisitiri, kwa lugha zao, kwa adabu, na picha ikachorwa ili asiyejua kusoma naye aelewe. Wanaelewa. Ni joto, wanasema. Kumbe joto wanalijua! Saa kumi na mbili ikifika, hao hao wamekwisharudi melini wanajikaba koo kwa hariri wasije wakamvunjia mtu heshima. Mtu gani? Aliyelipa nauli kama yao. Kanuni yao ya adabu inaanzia juu ya ngazi ya meli na kuishia pale pale, na sisi tulio chini ya ngazi ni mandhari.

Na hata huko juu si wote walio sawa. Kwenye meli ya Queen Mary 2, chumba ulichokilipia ndicho kinachoamua kama utakula Britannia, Britannia Club, Princess Grill au Queens Grill. Tuksedo moja, milango minne.

Mama Zuhura, aliyepita safari nzima na dera zake na ushungi na kusifiwa na kila mtu, aliniambia nisijifanye malaika. Pwani yetu hii mabwana waliwakataza watumwa kuvaa kofia na viatu, na walipokombolewa, jambo la mwanzo walilolifanya wengi wao lilikuwa kununua kanzu na kofia. Babu yako wa papa mkavu, akaniuliza, yeye aliwaamkia wangapi kwa kutazama vichwa vyao? Sikuwa na jibu. Nikamgeuzia Nairobi, ambako mwezi wa Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, vazi lenye jina la rais wa Kiafrika likakosa heshima ya kutosha kuketi na waheshimiwa. Akasema Nairobi si babu yangu.

Tumerudi nyumbani. Koti nimewaazima wapwa kwa harusi, kila mmoja analirudisha limelowa jasho na kuniomba msamaha. Kibwebwe cha hariri amekichukua mama Zuhura, anajifungia akipika biriani ya watu wengi, na ndiyo mara ya kwanza nguo ile kufanya kazi. Kipepeo mjukuu wangu amemfunga paka wetu shingoni. Paka huyo, ambaye miaka yote muuza samaki wa mtaani alikuwa akimtupia jiwe, sasa anangojewa barazani kila asubuhi, anaitwa Bwana Mkubwa, na anawekewa kichwa cha changu.

Nimepita mara mbili na fulana yangu. Mimi nauziwa bei ile ile.