Virusi Vyenye Uraia

Pale Sirari, wilayani Tarime, mtu akipiga chafya wanaomwambia "pole" wako Isebania, Kenya. Mwaka 2020 tukagundua kwamba chafya hiyo hubadili uraia njiani. Upande wa pili palikuwa na kafyu, barakoa na takwimu za kila siku. Kwetu hesabu iligoma kwenye wagonjwa 509, na Mei tukaambiwa hata papai na mbuzi wamekutwa na korona. Wenzetu wakikimbizana na polisi usiku, sisi tulikuwa chini ya blanketi na nyungu ya mwarobaini. (Nakiri, mafua yangu yalipona. Korona sijui, ilishatangazwa kwamba haipo.)

Umwamini nani? Shangazi, mwenye laini za simu za nchi zote mbili, aliamini zote. Barakoa aliifunga kwenye pindo la kanga: akivuka anaivaa, akirudi anaivua. Kenya ilipofunga mpaka Mei, ikabakiza malori ya mizigo, yeye akahamia njia za panya.

Julai nyumbu wa Serengeti wakavuka kwenda Maasai Mara kama kawaida. Hakuna aliyewadai cheti.