Mheshimiwa Jedwali

Butembo tunajua kusifu. Tunamsifu mfanyabiashara aliyerudi kutoka Guangzhou na kontena, dereva aliyetoka Kasindi hadi Beni bila kukwama njiani, hata jirani mwenye jenereta isiyopiga kelele. Jedwali la DSDT halijasifiwa na mtu, wala halijadai. Leo nalisimamia mimi.

Karibu kila kompyuta ya mtumba inayoshushwa Mombasa, ikavuka mpaka Kasindi na kutua mezani kwa fundi, huja nalo tumboni. Limekaa ndani ya BIOS, na aliyeliandika huko kiwandani hajulikani. Kazi yake ni kuuambia mfumo, uwe Windows au Linux, kilichomo ndani ya mashine na kilipo: batri, feni, kifuniko, kitufe cha kuwashia. Sheria zake zinaitwa ACPI. Zilitolewa na Intel, Microsoft na Toshiba Desemba 1996, na tangu 2013 zinatunzwa na UEFI Forum. Ile asilimia ya batri unayoichungulia umeme ukikatika hupitia humo. Jedwali likikosea, unasoma 100 mpaka mashine inazimika mikononi mwako. Nani mwingine mjini hapa angekupa matumaini hadi dakika ya mwisho?

Sifu pia ubahili wake wa maneno. Jina la kitu halizidi herufi nne, basi utakutana na \_SB.PCI0.LPCB.EC0.BAT0 na ujue ni batri. Husomwa kama anwani zetu: mji wa Butembo, komine Kimemi, kisha kartie, selule, avenyu, mpaka mlango wa nyumba. Anayeijua njia hafiki kwa jirani.

Ila humo nyumbani mna wapangaji, na hapo ndipo fahari yake inapong'aa. Tangu toleo la 5.1, mwaka 2014, kifaa kinaweza kubeba maelezo ya ziada yaitwayo _DSD, na ndani ya maelezo hayo mnakaa vifundo vya data, kimoja ndani ya kingine. Tuseme kifaa fulani kinataka kutaja kifundo kilichomo ndani ya kifaa kingine. Jedwali linakubali kunyooshea kidole nyumba. Chumba cha mpangaji halikitambui. Watunzaji wa Linux wameandika hati fupi kuhusu shida hii, nayo inaagiza hivi: andika njia kama maandishi ndani ya alama za nukuu, jina la kifaa, nukta, kisha njia ya kufikia kifundo. Ukiziacha alama za nukuu hupati rejeo, unapewa nakala ya kifundo kizima. Umemtafuta mpangaji, umeletewa pacha wake, na deni lako liko kwa yule wa kwanza. Fundi asiyeijua hati hiyo atakesha akitafuta waya uliokatika.

Uungwana nao haukosekani. Jedwali lina desturi ya kuuliza: wewe ni mfumo gani? Linux ikiulizwa kama ni Windows hujibu ndiyo. Ikiulizwa kama ni Linux hujibu hapana. Sio aibu, ni uzoefu. Viwanda vingi hujaribu mashine kwa Windows tu, na anayejitaja kwa jina lake halisi hupelekwa kwenye vichochoro ambavyo hakuna aliyewahi kuvipita.

Wenye simu wasijione wamepona. Simu nyingi za Android hutumia ndugu yake, devicetree, wa ukoo wa Open Firmware uliowekewa kanuni ya IEEE 1275 mwaka 1994. Huko kifundo hutajwa kwa namba iitwayo phandle, na lebo nzuri aliyoiweka mwandishi kwa kawaida hufutika faili linapogeuzwa kuwa la mashine. Fundi wa Beni akiflashi simu kwa faili la modeli iliyofanana nayo kwa sura tu, skrini huweza kuwaka vizuri na kidole kisisikilizwe. Mteja hulia, fundi hulipwa mara mbili. Hebu nitajieni mfadhili aliyewalisha mafundi wengi kuliko kosa dogo la mwandishi asiyejulikana!

Kwa hiyo, enyi mafundi wa Butembo na Beni, mheshimuni mnayekula kwake. Kabla ya kuigusa BIOS, washeni Linux, nakilini faili la /sys/firmware/acpi/tables/DSDT, lifungueni kwa programu ya iasl, na kwenye daftari la duka muandike kwa Kiswahili kifundo kipi kinataja kipi. Kiwanda hakikuandika, na mashine hiyo itarudi mezani kwenu.